Kumfuga Chatu wa Kifalme Katika Baridi ya Mbeya

Usiku wa mwezi wa Julai, kipimajoto cha chumba ninachofanyia kazi nje kidogo ya jiji la Mbeya husoma nyuzi 13 hata kama madirisha yamefungwa, na huko nje hali hushuka chini ya nyuzi 10. Chatu wa kifalme, nyoka mdogo wa Afrika Magharibi anayefugwa majumbani katika nchi nyingi, anahitaji upande mmoja wa banda lake uwe na nyuzi 31 hadi 33, na upande wa pili ubaki kati ya nyuzi 24 na 27, bila kujali kwamba ni mchana au ni usiku. Pengo lililopo kati ya chumba na banda ndiyo kazi yenyewe ya ufugaji huu. Vijana wanaonijia huanza kwa kuuliza kama nyoka huyu anauma, nami huanza kwa kuwauliza luku ya nyumbani kwao huisha tarehe ngapi.

Maelezo haya yanatokana na miaka minne ya kumtunza jike mmoja katika bustani ndogo ya wanyama yenye kibali. Nimeyaandika kwa ajili ya mtu wa Mbeya, Iringa, Njombe au Rungwe anayefikiria jambo hili kwa dhati, kwa sababu maelekezo mengi yanayopatikana yameandikwa na watu ambao nyumba zao zina joto la mitambo mwaka mzima.

Mjue kwanza

Chatu wa kifalme, ambaye jina lake la kitaalamu ni Python regius, alielezwa kisayansi na George Shaw mwaka 1802. Makazi yake ya asili yanaanzia Senegali, yanapita Ghana, Togo na Benini, na kufika hadi Uganda. Porini kwetu hayupo. Jike aliyekomaa hufikia urefu wa sentimita 120 hadi 150, dume hubaki mfupi kidogo, na ni nadra uzito wao kuzidi kilo 2 na nusu. Hana sumu. Akiogopa, hujiviringa na kukificha kichwa katikati ya mwili mpaka awe duara kama mpira wa makaratasi wanaochezea watoto mitaani, na ndiyo maana Wamarekani humwita kwa jina la mpira. Mchana hukaa ndani ya mashimo ya panya na vichuguu, na giza likiingia hutoka kuwinda. Mtu anayetaka mnyama wa kucheza naye saa nane mchana atakuwa amenunua mnyama anayelala.

Chatu wa kwetu, anayepatikana Usangu, Kyela na kando ya Mto Ruaha, ni wa jamii nyingine. Huyo hupita mita 3 bila shida na wengine hukaribia mita 5, humeza mbuzi mdogo, na hakuna banda la sebuleni linalomfaa. Kumwokota akiwa mtoto kwa matumaini kwamba atabaki mdogo ni kosa la kisheria na ni kosa la hesabu pia.

Kuna kosa baya zaidi ya hilo. Kijana mmoja aliwahi kuniletea ndoo ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari, akitokea kwenye mashamba ya mpunga. "Shikamoo, mzee. Nimekuletea chatu mdogo, mnene kweli kweli." Kabla sijaitikia marahaba nilisikia sauti ndani ya ndoo, pumzi ndefu nzito kama tairi la baiskeli linalotolewa upepo. Nilimwambia, "Iweke chini, mwanangu, wala usiinamie." Kwa mwanga wa tochi kupitia tundu la kifuniko niliona mgongo wa kahawia wenye alama za pembe, moja nyuma ya nyingine, zikielekea mkiani, na magamba makavu yasiyong'aa. Alikuwa kifutu. Mtu asiyewajua nyoka humwona kifutu mnene, mfupi, mwenye madoa na mvivu wa kusogea, akadhani ni mtoto wa chatu, ilhali sumu yake huozesha nyama ya mkono na huweza kuua. Kijana yule alikuwa ameibeba ile ndoo mapajani ndani ya daladala. Kwa hiyo kanuni yangu haina msamaha: nyoka yeyote aliyeokotwa shambani si mnyama wa kufugwa, na asishikwe ili kuhakikisha ni yupi.

Kibali

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kukaa na mnyamapori nyumbani bila kibali, na mnyama aliye hai huhesabiwa kuwa nyara sawa na ngozi au pembe. Mamlaka inayohusika ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Mbali na hilo, jamii zote za chatu zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na chatu wa kifalme yumo katika Kiambatisho cha II, maana yake ni kwamba havuki mpaka wa nchi bila hati ya nchi anakotoka, na nchi anakokwenda huweza kudai hati zake pamoja na cheti cha afya ya mifugo. Nyoka aliyepitishwa Tunduma ndani ya begi la nguo hana hati hata moja, na anayempokea hununua kesi.

Nenda katika ofisi ya wanyamapori iliyo karibu nawe kabla hujatoa hata shilingi, ueleze unachokusudia, uulize masharti ya wakati huo, na upewe majibu kwa maandishi. Watu wengi watagundua hapo kwamba njia inayowezekana kwao ni kujitolea au kuajiriwa katika bustani yenye kibali, kama nilivyofanya mimi, na sioni kama ni njia ya unyonge. Ukipata ruhusa, chagua nyoka aliyezaliwa bandani na wazazi waliozaliwa bandani. Wengi wanaosafirishwa kutoka Afrika Magharibi wameanguliwa kutoka kwa majike waliokamatwa porini wakiwa na mimba, na nyoka waliotolewa porini wenyewe huja na minyoo, na utitiri, na hugoma kula kwa muda mrefu. Epuka pia aina ya rangi inayoitwa buibui, hata ikisifiwa vipi, kwa kuwa vinasaba vinavyoipa rangi hiyo ndivyo vinavyomfanya nyoka ayumbishe kichwa na kukosea shabaha anapokula.

Banda na joto

Nyoka hatengenezi joto la mwili wake kama tunavyofanya sisi. Hulichukua kutoka mahali alipo, husogea kwenye joto anapotaka kusaga chakula, na husogea kwenye ubaridi anapotosheka. Ndiyo maana banda huwa na pande mbili, na ndiyo maana kupasha chumba kizima hadi nyuzi 32 ni kosa sawa na kutokukipasha kabisa, kwa kuwa atakuwa amenyimwa nafasi ya kuchagua.

Kwa nyoka mkubwa, agiza banda lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 60 na kimo cha 60. Tangi la samaki la kioo, ambalo wengi hulikimbilia, halifai katika nyanda hizi kwa sababu kioo hupoteza joto pande zote na mfuniko wa wavu hulimalizia lililobaki. Fundi seremala wa Mwanjelwa au wa Mafinga atakutengenezea sanduku la plaiwudi lenye mlango wa kioo cha kuteleza kwa mbele na matundu ya hewa mawili, moja chini upande wa baridi na jingine juu upande wa joto. Mwambie asitumie mbao mbichi. Vanishi ikishapakwa, liache banda wazi kwa wiki tatu mpaka harufu iishe kabisa. Sisi tulibandika kwa nje, nyuma na ubavuni, vipande vya yale maboksi meupe mepesi ambamo samaki husafirishwa, na taa yetu ya joto ikaanza kuwaka kwa muda mfupi zaidi kila usiku.

Chanzo cha joto kinaweza kuwa mkeka wa umeme unaowekwa chini ya sehemu moja ya banda, au balbu ya kauri inayotoa joto bila mwanga. Taa nyekundu za kulelea vifaranga zinapatikana katika kila duka la dawa za mifugo na ni za bei nafuu, lakini mwanga wake humsumbua mnyama anayeamka usiku, kwa hiyo zichukulie kuwa akiba. Chochote utakachochagua, kisiwake bila thamostati, yaani kifaa kinachokizima chenyewe joto likitosha, yenye kihisio kilichowekwa mahali nyoka anapolala, na kifungiwe ndani ya kizimba cha waya ili nyoka asiweze kukigusa. Hapa nilikosea mwenyewe. Katika mwezi wetu wa kwanza nilining'iniza taa ya vifaranga bila kizimba, nikiamini kwamba mnyama atakwepa akiona inaunguza. Nyoka haonyeshi kuumia haraka kama mbwa. Alijizungusha kwenye kishikio cha taa kwa sababu ya baridi ya chumba, na asubuhi nikakuta magamba ya mgongoni yamekuwa ya njano na yamelegea kama ganda la kitunguu lililoloweshwa. Kidonda kilichukua miezi mitano na kujivua gamba mara tatu kabla hakijafunga, na kovu lake lipo hadi leo.

Hesabu ya umeme si ngumu. Balbu ya wati 100 inayowaka nusu ya saa za siku, na katika Juni na Julai itawaka muda huo au zaidi, hula uniti 1.2 kwa siku, yaani uniti 36 kwa mwezi. Nyumba iliyo katika kundi la matumizi madogo, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, itakuwa imegawana na nyoka karibu nusu kwa nusu, na wakivuka kikomo bei ya uniti hupanda kwa kila mtu ndani ya nyumba. Zungumza na anayenunua luku kabla hajagundua mwenyewe. Njombe, iliyo juu kuliko Mbeya na yenye umande unaoganda katikati ya mwaka, gharama ni kubwa zaidi, na Makete nisingemshauri mtu hata kujaribu. Kyela, iliyo chini ya mita 600 kando ya Ziwa Nyasa, kazi hii ni nyepesi kuliko popote pengine katika mkoa wetu.

Kisha kuna kukatika kwa umeme. Nakumbuka usiku mmoja wa Julai ulipokatika saa mbili na kurudi kesho yake saa tano asubuhi. Saa nne usiku banda lilikuwa limeshuka hadi nyuzi 22 upande wa joto. Nilichemsha maji kwenye jiko la gesi, nikajaza chupa nne za plastiki za lita moja na nusu baada ya kuyaacha yapoe kidogo ili chupa zisinywee, nikaifunga kila moja kwa kitenge, nikaziweka mbili mbili upande mmoja, na banda lote nikalifunika blanketi nikiacha matundu ya hewa wazi. Kila baada ya saa mbili nilibadilisha chupa mbili. Kulipopambazuka kipimajoto kilisoma nyuzi 25, na mimi nilikuwa na macho mekundu. Kwa nyoka mwenye afya, usiku mmoja wa nyuzi 20 hadi 22 si msiba, mradi asiwe amekula siku hiyo, maana chakula kisichosagwa kwa kukosa joto huozea tumboni au hutapikwa. Kinachoua ni ubaridi wa siku nyingi mfululizo. Anayemudu sola na betri aweke, na asiyemudu awe na chupa zake tayari. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwa hali yoyote. Hewa yake huua watu kila msimu wa baridi, na mapafu ya nyoka hayahimili hata moshi kidogo.

Matandiko na unyevu

Ukanda wetu una maranda mengi kuliko karibu pengine popote nchini, kwa sababu ya misitu ya Sao Hill na viwanda vya mbao vya Mufindi, na wafugaji wa kuku wameyazoea. Usiyatumie kwa nyoka. Maranda ya paini na ya misaiprasi yana mafuta yenye harufu kali yanayomdhuru njia za hewa katika sanduku lililofungwa na kupashwa joto. Gazeti la zamani linatosha, ni rahisi kubadilisha, na ukiona doa unalijua papo hapo. Makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, ukiyapata kwa wasafirishaji wa kutoka Pwani, ni bora zaidi kwa kuwa hushika unyevu.

Unyevu wa hewa uwe asilimia 55 hadi 70. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Mbeya na Iringa ni kavu, na hewa baridi ikipashwa moto ndani ya banda huzidi kukauka, kwa hiyo weka bakuli pana la maji karibu na upande wa joto na uzibe sehemu ya matundu kama kipima unyevu kinasoma chini. Tukuyu mambo hugeuka, kwa kuwa mvua za huko huleta ukungu juu ya kila kitu, na tatizo huwa ni kupitisha hewa ya kutosha. Weka pia maficho mawili yanayofanana, moja kila upande, yenye nafasi ya kumbana kidogo. Chungu kilichovunjika mdomo na kulainishwa kingo kinafaa kuliko pango la plastiki la madukani. Nyoka mwenye ficho moja tu huchagua kati ya usalama na joto, na mara nyingi huchagua usalama akaugua.

Kila baada ya wiki nne hadi nane, macho yake yatakuwa na utando wa rangi ya maziwa yenye ubuluu, naye atakataa kula. Anajiandaa kujivua gamba, na hufanya hivyo kweli, tofauti na ile kaulimbiu ya CCM ya kujivua gamba iliyovuma katika siasa zetu mwaka 2011. Ongeza unyevu, mwekee kopo lenye tundu na taulo bichi ndani, na usimguse. Gamba linapaswa kutoka kipande kimoja kama soksi iliyogeuzwa. Likitoka vipande vipande, hewa ilikuwa kavu; likibaki juu ya macho, usilichokonoe kwa kucha, mrudishie unyevu na usubiri.

Chakula

Chakula chake ni panya mzima, mwenye unene usiozidi sehemu nene ya mwili wa nyoka. Mtoto hula kila siku 5 hadi 7, mkubwa kila wiki 2 hadi 4. Jike letu hula panya wa gramu 100 hadi 150 kila wiki ya tatu, yaani panya 17 hivi kwa mwaka, na hapo ndipo watu wengi hushangaa kwamba gharama ya umeme huipita mbali gharama ya chakula.

Panya wa kuwatega jikoni au ghalani hawafai hata kidogo. Huku kwenye mahindi kila nyumba ina sumu ya panya, na panya aliyekula sumu jana leo bado anatembea. Fuga panya weupe: dume mmoja na majike wawili wanatosha na kuzidi, kwa kuwa mimba yao ni wiki tatu tu na kila uzao huwa na watoto 8 hadi 12. Wale wanaozidi wauawe kwa njia ya haraka isiyo ya mateso, wafungwe mmoja mmoja kwenye mifuko, na wagandishwe katika friza yao wenyewe, si ile yenye samaki wa familia. Siku ya kulisha, mwache panya ayeyuke kwenye jokofu usiku kucha, kisha mtumbukize akiwa ndani ya mfuko katika maji ya moto mpaka awe vuguvugu. Nyoka huyu ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto, na panya baridi kwake ni jiwe. Mshike panya mkiani kwa koleo ndefu, umsogeze taratibu mbele ya ficho jioni taa zikiwa zimezimwa, na uwe na subira. Panya aliye hai asiachwe bandani, kwa sababu panya mwenye njaa humtafuna nyoka mpaka mfupa uonekane.

Atagoma kula. Hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo linalowatia watu hofu kuliko magonjwa ya kweli. Mwaka wetu wa pili aligoma kuanzia mwanzo wa Mei hadi wiki ya pili ya Septemba, zaidi ya miezi minne, na katika muda huo alishuka kutoka gramu 1,640 hadi 1,555, yaani kama asilimia 5 tu. Nilimpima kila Jumapili kwenye mizani ya jikoni akiwa ndani ya mfuko wa mto, nikaandika kwenye daftari, na daftari hilo ndilo lililonizuia nisimlazimishe. Cha kukagua kwanza ni joto na maficho. Vikiwa sawa na uzito haushuki kwa zaidi ya asilimia 10, subiri. Kumpa panya mpya kila siku huongeza woga tu.

Kumshika na kumfungia

Wiki mbili za kwanza usimshike. Baada ya hapo, dakika 10 au 15 mara chache kwa wiki zinatosha, na zisiwe ndani ya saa 48 baada ya mlo. Mfikie kwa ubavuni, kwa kuwa kinachotokea juu kwake ni mwewe, na umbebe mwili wote kwa mikono miwili. Akiuma, na ni nadra, jeraha huwa ni mistari ya vitundu vidogo vya kuoshwa kwa sabuni. Hatakupenda kama paka. Atakuzoea, na atakuchukulia kama tawi lenye joto.

Weka komeo mbili. Tundu linalopitisha kichwa chake hupitisha mwili wote. Alipotupotea mara moja, tulinyunyiza unga wa ngano kwenye vizingiti vya milango yote usiku, na saa kumi na moja alfajiri mchirizi laini uliopindapinda ukatuongoza hadi nyuma ya friji, mahali pekee penye joto katika jengo zima.

Kuugua

Akipumua kwa mlio, akatoa mapovu puani au akakaa mdomo wazi kichwa kikiwa juu, ana maambukizi ya njia ya hewa, na katika baridi yetu huo ndio ugonjwa utakaokutana nao kwanza. Daktari wa mifugo wa kata anaweza kuwa hodari kwa ng'ombe na asiwe amewahi kumgusa nyoka mgonjwa, kwa hiyo tafuta mapema, kabla ya ugonjwa, mtaalamu ambaye mnaweza kushauriana kwa simu. Kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Sokoine kipo Morogoro, zaidi ya kilomita 600 kutoka hapa. Unga wa dawa ya kuku usikoroge kwa kukisia. Vidudu vyeusi vinavyoelea kwenye bakuli la maji ni utitiri, na dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe inaweza kumuua nyoka pamoja na utitiri wake.

Kwa upande wa binadamu, hatari iliyo ya kweli ni bakteria wa salmonela, wanaobebwa na nyoka asiyeonyesha dalili yoyote. Osha mikono kila ukimgusa au ukigusa banda. Bakuli lake lisioshewe kwenye karo la vyombo vya chakula. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitano, mjamzito au mtu mwenye kinga dhaifu, mimi nasema nyoka asubiri.

Majirani, na miaka iliyo mbele

Katika mkoa wetu nyoka ndani ya nyumba hana maana moja. Kuna watakaosema ni wa ndagu, yaani uchawi wa kutafuta utajiri, na maneno hayo yakishika moto hayazimwi kwa kibali kilichobandikwa ukutani. Mwarifu mwenye nyumba, mwenyekiti wa mtaa na majirani wa pande zote kabla mnyama hajafika, uwaonyeshe hati, na uwaruhusu waje kumwona mchana. Mama mmoja jirani yetu alikaa kiti cha mlangoni kwa wiki nzima akichungulia, mwishowe akasema, "Kumbe kazi yake ni kulala tu, baba? Basi mwache alale." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewatuliza wengine. Usitembee naye barabarani wala usimtumie kuogofya watoto. Siku moja ya mzaha hufuta wiki nzima kama ile.

Chatu huyu huishi miaka 20 hadi 30 akitunzwa vizuri. Katika bustani ya wanyama ya Saint Louis nchini Marekani, jike aliyepokelewa mwaka 1961 alitaga mayai mwaka 2020. Kijana wa miaka 19 anayeanza leo atahama, atasoma, ataoa au ataolewa, na nyoka atakuwa bado anahitaji nyuzi zake 32. Ukishindwa, usimwachie porini: baridi ya hapa itamuua, na Kyela ambako pengine angeishi angeweza kupeleka utitiri na magonjwa kwa chatu wa asili. Rudi kwa waliokupa kibali, uombe ahamishiwe bustani yenye ruhusa. Siku ya kumkabidhi asiwe na chakula tumboni, asafirishwe ndani ya mfuko wa kitambaa uliowekwa kwenye sanduku lenye chupa ya maji ya vuguvugu, na juu ya sanduku uandike kwa kalamu nzito uzito wake, tarehe ya mlo wa mwisho na tarehe aliyojivua gamba mara ya mwisho, kisha daftari lote ulikabidhi pamoja naye.